Kura ya Wazazi wa Pate Isipotee Baharini

Mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala, Wakenya walipangwa foleni nyuma ya wagombea, na kuna waliokuwa na foleni fupi wakatangazwa washindi. Viongozi wa makanisa waliukataa mlolongo huo hadharani, nao baadaye ukafutwa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa katika Katiba. Hayo wasomaji wetu wanayajua, na baadhi yao waliyalipia. Twawaomba sasa watazame uchaguzi usio na mabango wala vipaza sauti: uchaguzi wa halmashauri ya shule katika kisiwa cha Pate.

Chini ya Sheria ya Elimu ya 1968, halmashauri ya shule ya sekondari iliundwa kwa amri ya Waziri. Mzazi wa Siyu au Kizingitini alikuwa na haki ya kulipa karo, basi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilileta mambo mengine. Wajumbe sita sharti wachaguliwe kuwakilisha wazazi, au jamii ya mahali kwa shule za sekondari za kaunti. Mmoja huchaguliwa na walimu, watatu hutoka kwa mfadhili wa shule, na wachache huwakilisha kaunti, makundi maalumu na watu wenye ulemavu. Mwalimu mkuu ni katibu wao. Halmashauri hiyo ndiyo ipokeayo fedha za shule na kuzitolea hesabu.

Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba wajumbe wote huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kati ya kuchaguliwa na kuteuliwa pana nafasi, na kwa watu wa Pate nafasi hiyo ni bahari. Orodha huandikwa Faza, hupakiwa mashua Mtangawanda, kisha hupita mkondo wa Mkanda. Ni nani atakayethibitisha kwamba majina yaliyofika ng'ambo ndiyo yaliyoondoka?

Twauliza pia: mkutano wenyewe huitishwa lini? Ukiitishwa wakati wa kaskazi, asubuhi ya maji mazuri, wavuvi wako baharini. Watabaki akina mama, ambao mara nyingi ndio wajuao kama mtoto ana kitabu au hana; wapewe nafasi ya kugombea, si ya kupika chai ya mkutano. Na kura ya kuinua mkono mbele ya mwalimu mkuu, ambaye kesho atampokea mwanao darasani, ina tofauti gani na mlolongo?

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya shule za kimataifa za Nairobi na Mombasa, ambako karo ya mwaka yaweza kununua mashua na mtambo wake. Hatukubali. Mzazi wa huko hudai hesabu zilizokaguliwa kwa kuwa amelipa. Mzazi wa Pate naye amelipa, kwa kodi na kwa mchango wa mshahara wa mwalimu ambaye serikali haikumleta. Tena Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni kabla Nairobi haijawa kituo cha reli.

Kwa ndugu zetu wa makanisa tuna neno la pembeni. Kwingineko nchini wafadhili wa shule nyingi ni ninyi. Viti vitatu mlivyopewa na sheria ni vya malezi ya kiroho, ushauri na msaada, pamoja na kulinda imani ya mtoto asiye wa dhehebu lenu. Si vya kumchagulia mzazi mjumbe wake.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya kura ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Twataka hivyo hivyo shuleni. Kura ya siri ihesabiwe mbele ya wazazi, majina yaandikwe, yatiwe sahihi, yabandikwe mlangoni pa ofisi kabla mashua haijang'oa nanga, na nakala moja ibaki mikononi mwa wazazi.