Vuli ya Mdomoni

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa vuli, hakosekani jamaa wa kuupinga. Mmemsikia kwenye basi la Moshi kwenda Same, kwenye duka la pembejeo, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nimemsikiliza hadi mwisho, tena zaidi ya mara moja. Nitazileta hoja zake moja moja; nyinyi ndio mahakimu.

Anaanza na hili: utabiri hukosea, kwa hiyo haufai. Shahidi wake ni mwaka 2015. Tuliambiwa El Niño inakuja, na gharika ya 1997 haikujirudia. Hilo la gharika ni kweli, simbishii. Lakini usomeni utabiri wa msimu ulivyoandikwa. Haukuahidi gharika wala ukame. Unagawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Tuseme fungu moja limepewa asilimia 45. Basi 55 zimebaki kwa mengine mawili. Mtu akilinyakua fungu moja, akaligeuza ahadi, kisha akalalamika kwamba kadanganywa, aliyemdanganya ni nani?

Hoja ya pili ndipo anapojikaba koo. Wataalamu wa nini, anauliza, na kanuni inajulikana: El Niño ni mafuriko, La Niña ni ukame. Dakika tano tu zilizopita alikuwa akituapia kwamba El Niño kubwa ya 2015 ilipita bila gharika! Achague moja. Tena kanuni yake haina pa kuuweka mwaka 2019. Bahari ya Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, ila vuli ilimwagika hadi ikaingia Januari. Chanzo kilikuwa Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua ikavutwa huku. Mwaka 2023 mambo hayo mawili yalikutana, El Niño na joto hilo la Bahari ya Hindi. Tarehe 3 Desemba tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang, likaifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Huyu bwana bado anatazama bahari moja.

Ya tatu anaisema kwa furaha: Septemba imeshanyesha, vuli imeanza, pandeni. Hapa naomba tuingie shambani. Baada ya manyunyu kama hayo nilipiga jembe kwenye shamba la jirani yangu, huku tambarare ya Mwanga. Juu udongo ulikuwa mweusi, unanata vidoleni. Kina cha kidole kimoja chini yake lilikuwa vumbi la kijivu, la kupeperuka. Maharage yaliota, yakatoa majani mawili, yakanyauka. Jirani alinunua mbegu mara ya pili. Aliyemshauri hakuchangia hata kilo. Mvua ya kupandia hujulikana kwa kufuatana kwake na kwa urefu wa vipindi vya ukavu vinavyokuja baadaye, si kwa harufu ya udongo. Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba, na hiyo Septemba yake haimo.

Ya nne ndiyo yenye uzito kidogo. Anasema wazee walitazama wingu juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakajua. Sawa, lakini wingu la Kibo ni habari za Kibo. Kwenye msitu wa kusini mwa mlima, kimo cha kama mita 2,200, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Same mjini haipati hata theluthi yake. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hupanda Milima ya Pare kwa upande wa mashariki, huacha maji huko, halafu huteremka Same mikono mitupu. Mkulima wa Same anayelisoma wingu la Kibo anafungua barua ya mtu mwingine. Hata hivyo nampa alama moja: utabiri unaosema "mkoa wa Kilimanjaro" ni mpana mno kwa nchi yenye mgomba juu na mkonge chini. Ila dawa ya utabiri mpana ni vipimo vingi zaidi, bondeni na mlimani, na yeye hajadai hata kimoja.

La theluji, kwamba ikiisha Kibo maji nayo yataisha, nalipita haraka. Barafu ya Kibo imepungua kweli, zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Lakini maji ya mifereji yetu, na yale yanayoteremka kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, hutokana zaidi na mvua inayonyesha msituni kuliko barafu. Anayelilia barafu huku shoka liko begani amekosea msiba.

Baada ya yote hayo anatoa utabiri wake mwenyewe: mvua itakuja kwa wakati wake. Wilaya gani? Wiki ipi? Kiasi gani? Hasemi. Mamlaka imechapisha makisio yake, na msimu ukiisha yanaweza kushikwa yakaaibika mbele ya kila mtu. Basi mpeni huyu bwana karatasi na kalamu, aandike wilaya, tarehe na kiasi, abandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Tukutane pale ubaoni Januari.