Tuanze na Nyaya, Injini Zitafuata



Chama chetu cha Sayansi kimo katika mabishano, na yafaa wasomaji wapate kuyajua, hasa kaka zetu waliokwisha kuhitimu, kwani fedha zinazobishaniwa ni zile walizotuchangia. Tunayo meza ya reli ndogo ya mfano, ya kipimo kiitwacho HO, yaani moja kwa 87. Nafasi kati ya reli zake ni milimita 16.5. Sote tumekubaliana kuiendesha kwa njia ya dijitali. Lakini wenzangu wengi wataka fedha zote zinunue injini mpya, ati kwa kuwa dijitali yahitaji nyaya mbili tu. Mimi napinga.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Kwa njia ya zamani, umeme uliomo relini ndio uamuao mwendo: ukizidisha volti injini yakimbia, ukizipunguza yatambaa. Basi injini mbili zikiwa juu ya kipande kimoja cha reli, zitakwenda pamoja, zitake zisitake. Ndiyo sababu meza za zamani zilikatwa vipande vipande, kila kipande na swichi yake.

Mwaka 1994 chama cha NMRA cha Marekani kilipitisha kanuni za DCC, zilizotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Kwa kanuni hizo reli hupewa umeme wa nguvu ile ile wakati wote, na amri husafiri ndani ya umeme huo. Kila injini ina kifaa kidogo kiitwacho dikoda, chenye namba yake. Kwa kawaida hutoka kiwandani na namba 3, nasi twaweza kuibadilisha. Amri ikitolewa kwa namba 7, injini ya 7 hutii, na nyingine zote huwa kama hazikusikia.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno la "nyaya mbili". Kwa meza ya kuchezea chumbani, ni kweli. Yetu ina urefu wa mita 5. Reli zake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, usiopitisha umeme vizuri kama shaba tupu, na viungo vyake hulegea na kushika uchafu. Na tupige hesabu. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.2, kwenda na kurudi mita 10, una ukinzani wa karibu omu 0.86. Zikipita ampea 3, volti 2.6 hupotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5, ule ule ambao mafundi huutia kwenye soketi za nyumba, hupoteza volti 0.2 tu.

Tena kuna hatari. Behewa likianguka na kuziunganisha reli mbili, hutokea shoti, na mtambo hauna budi kukata umeme papo hapo. Lakini ukinzani ukiwa mwingi, mtambo hudhani ni injini tu inayovuta mzigo, nao huendelea kusukuma. Volti 15 kwa ampea 3 ni wati 45: joto la pasi ya kulehemu! Plastiki ya behewa haiwezi kulistahimili.

Kwa hiyo nashauri hivi. Nyaya kuu mbili nene, nyekundu na nyeusi, zipite chini ya meza yote. Kila kipande cha reli kilehemiwe vijiwaya vyake viwili na kuungwa na nyaya hizo. Meza igawanywe sehemu tatu, kila moja na kikata umeme chake, ili shoti ya stesheni moja isisimamishe nchi nzima. Kisha sarafu ilazwe juu ya reli mbili, mahali pa mbali kabisa. Umeme usipokatika mara moja, kazi haijakwisha. Mtambo wenyewe si lazima uwe wa ghali: programu ya DCC-EX hutolewa bure, nayo hufanya kazi katika kompyuta ndogo ya Arduino.

Wako wasemao kwamba kulehemu ni kazi ya fundi, nasi ni watu wa vitabu. Maneno hayo hayanipendezi hata kidogo. Injini moja mpya itaendeshwa na wakubwa wawili watatu, wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakitazama kwa mbali. Bali vijiwaya ni vingi, na kila mdogo aweza kupata chake. Kanuni ya Ohm twaijua sote kwa chaki. Ni wangapi tuliopata kuigusa kwa mikono?

Hata reli ya kweli, iliyofika Kampala mwaka 1931, haikuanza na gari la moshi. Watu walijenga tuta kwanza, wakalaza mataruma, ndipo treni ikapita.

Mimi namaliza masomo mwaka huu, na huenda nisiione injini hata moja ikizunguka meza ile. Si neno. Kaka zetu, mwaka huu msituletee injini. Tuleteeni waya, lehemu na pasi chache za kulehemu, nanyi mtakapokuja kututembelea, waulizeni wadogo wa kidato cha kwanza kilichomo chini ya meza. Wakiweza kuwajibu, fedha zenu hazikupotea.