Kusoma vitabu vya kila aina ni kinga ya mwili

Wazazi wengi mijini huamini kwamba kitabu kina kazi moja tu, nayo ni kumpitisha mtoto mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu hutupwa darini au huuzwa kwa mwenye kibanda afungie njugu. Kwa maoni yangu tabia hiyo ni hatari kwa afya, na ushahidi tunao hapa hapa nchini, huko Kitui na Makueni.

Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, wakiwa wameharibika ini. Kati yao, 12 walifariki. Mahindi waliyokuwa wakila nyumbani yalipopimwa, yalipatikana na sumukuvu, yaani aflatoksini, kwa kiwango cha kutisha. Mwaka uliofuata, madaktari waliandika habari hizo katika Lancet, jarida la utabibu la Uingereza.

Mwaka 2004 balaa ikarudi kwa nguvu zaidi. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kufariki, wengi wao wakitoka Makueni na Kitui. Chakula kilikuwa haba, mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, na familia nyingi ziliyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani kwa kuhofia wezi. Kuvu ikapata makao mazuri.

Jambo la kusikitisha ni kwamba onyo lilikuwa limeandikwa miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo. Siwalaumu marehemu hata kidogo. Mkulima wa Makueni hakuletewa jarida la London, na hata angeletewa, limeandikwa kwa lugha ya wataalamu. Mzigo huo nautwika mabega yetu sisi wa mijini tuliopata masomo, tunaopokea gunia la mahindi kutoka nyumbani kila msimu, na ambao tangu tutoke shuleni hatujafungua kitabu.

Hebu tuone kile ambacho msomaji angekijua. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa, hata sufuria ikae jikoni kutwa nzima. Kukoboa mahindi, kama afanyavyo mpishi wa muthokoi, hupunguza sumu lakini hakuimalizi. Dawa ni kuyakausha vizuri hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini yake, kutoyaanika juu ya udongo mtupu, na kuyahifadhi mahali pakavu penye hewa. Anayekula sumu nyingi kwa mara moja huweza kuwa na macho ya manjano, tumbo na miguu ikavimba. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, si tusome vitabu vya afya peke yake? Riwaya ni za nini?

Jibu langu ni kwamba kujua ni jambo moja na kushtuka ni jambo jingine. Mathalani, Mfaransa Albert Camus alitoa mwaka 1947 riwaya kuhusu mji uliovamiwa na tauni. Panya wanaanza kufa ovyo, kisha watu, huku wakubwa wakisitasita kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Aliyeisoma riwaya hiyo akiwa kijana hatapuuza kuku wakifa uani baada ya kutupiwa mahindi yaliyooza, wala hatangoja serikali itangaze ndipo auulize moyo wake kuna nini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hadi Ufaransa. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu huko Makueni, alichapisha mwaka 1973 kitabu My Dear Bottle, ambamo mlevi mwenyewe ndiye anayesimulia. Wako waliokidharau wakisema ni upuuzi, lakini watu wasiozoea vitabu walikinunua na kukisoma. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo. Bango la kuonya huyaambia macho kwamba pombe ni mbaya. Hadithi humwingiza msomaji katika kichwa cha mnywaji, akaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake hurudi kwenye chupa ile ile. Asiyeelewa hilo hawezi kumsaidia ndugu yake, atamgombeza tu.

Ndiyo maana nasema tuchanganye. Vitabu vya maarifa vitueleze mambo yalivyo, riwaya za kale zituonyeshe kwamba msiba wa leo una babu yake, na hadithi za siku hizi zitufunulie majirani zetu. Mlo wa aina moja hudhoofisha mwili, na akili nayo ni vivyo hivyo.

Isitoshe, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 3,635 wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Waliosoma vitabu waliishi takriban miezi 23 zaidi ya wasiosoma. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kitabu ndicho kilichowaongezea umri, na ni haki nikiri kwamba wasomaji wa magazeti hawakupata faida kubwa kama hiyo! Basi ukimaliza ukurasa huu, tafuta kitabu.

Nina ombi moja kwa wakuu wa kaunti. Katiba ya 2010 iliweka zahanati na maktaba chini ya serikali hizo hizo za kaunti. Ni kipi kinachozuia kila kituo cha afya cha Kitui na Makueni kuwa na rafu moja ya vitabu, vya Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, pale kwenye benchi ambapo mama hungoja zamu yake kwa saa tatu? Gharama yake haifiki hata kidogo ile ya kumtibu mgonjwa mmoja wa ini.

Nawe msomaji wa mjini, usiingoje kaunti. Safari yako ijayo ya nyumbani, pamoja na sukari na mkate, mpelekee mama kitabu, na umsomee kabla hujafungua mdomo wa gunia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Ukambani kuta hizo tumezijenga mara mbili tayari.