Mtoto wa Kilo 15 Apewe Vidonge Vingapi?

Tuchukulie kwamba mama wa Kidete amempeleka zahanati mtoto mwenye malaria isiyo kali. Mizani yaonyesha kilo 15 kamili. Mwongozo ukisema "kilo 5 hadi 15, kidonge 1 cha dawa ya mseto; kilo 15 hadi 25, vidonge 2", mtoto huyu yumo katika makundi yote mawili. Mhudumu mzoefu anajua kwamba kilo 15 huanza kundi la vidonge 2 kwa kila dozi. Kompyuta haina uzoefu. Itafuata mstari inaoukuta kwanza, na mtoto aweza kupewa nusu ya dawa bila yeyote kushtuka.

Wahandisi wa mifumo wana zana za kuzuia makosa ya namna hii, zikiwamo TLA+ na Alloy. Masharti ya mfumo huandikwa kwa lugha ya hisabati kabla ya programu kutungwa. Kisha zana hupekua hali mbalimbali na kuonyesha masharti yanapogongana au yanapoacha pengo. Mtoto wa chini ya kilo 5, kwa mfano, ametajwa wapi?

Hili si jambo la kinadharia. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi. Baadhi yao walifariki. Vizuizi vya kimitambo vya mashine iliyotangulia vilikuwa vimeondolewa, usalama ukaachiwa programu. Ilitosha mtumishi kurekebisha maelezo kwa haraka, kosa lililojificha likajitokeza.

Hata hivyo, zana haijui tiba. Ikipewa sharti lisilo sahihi, italilinda kosa hilo kwa uaminifu. Kwa hiyo naamini kwamba daktari, muuguzi na mfamasia wanapaswa kuketi na wahandisi tangu siku ya kwanza, wala wasiitwe siku ya mafunzo tu. Nawe mgonjwa, uliza dozi yako imekadiriwa kwa uzito gani.

Wakazi wa Kidete waliyaona mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakiikata Reli ya Kati. Wanajua kwamba uimara wa daraja haupimwi wakati wa kiangazi.