Askari na Pikipiki: Helmeti ni Sehemu ya Sare

Miongoni mwa kazi za ofisi ya uhusiano jeshini, hakuna iliyo nzito kama kuandika taarifa ya kifo cha askari. Taarifa ya aliyeuawa vitani huandikwa kwa huzuni, lakini kalamu haisiti, kwa kuwa kila asomaye anafahamu marehemu alikuwa akifanya nini na kwa sababu gani. Kalamu husita pale inapotulazimu kuandika maneno "ajali ya barabarani". Tuliandika moja ya namna hiyo kwa ajili ya koplo ambaye jina na kikosi chake hatuvitaji, kwa heshima ya mjane wake. Alikuwa amehudumu Somalia akarejea mzima. Asubuhi moja alitoka kambini kwa pikipiki kwenda kulipa karo ya mtoto, na dereva wa gari lililokuwa likija mbele yake akakata kulia kuingia kituo cha petroli bila kumwona. Helmeti yake iliokotwa kando ya barabara ikiwa haina hata mkwaruzo, maana alikuwa ameivika kwenye kiwiko cha mkono.

Ni nani kati yetu asiyepata kumwona mwenzake akipanda hivyo? Simama Wandegeya, kwenye taa, saa moja ya asubuhi, utazame wanaoingia Kampala kwa barabara ya Bombo. Utawaona askari wa jeshi na wa polisi wakiwa vichwa wazi, wengine wawili nyuma ya dereva mmoja wa bodaboda, na askari wa trafiki aliyevaa nguo nyeupe akiwapisha kwa saluti. Dereva wa bodaboda aliyekamatwa jana yake kwa kosa lilo hilo anayaona yote hayo. Basi yeye naye huhitimu kwamba helmeti ni ushuru anaotozwa mnyonge, wala si kinga ya kichwa, na siku asipomwona askari njiani huivua.

Wapo wanaodhani kwamba hoja hii ni ya kiraia na haifai kumsumbua mpiganaji. La hasha. Historia ya helmeti ya pikipiki imefungamana na jeshi. Mwezi Mei mwaka 1935, T. E. Lawrence, afisa wa Uingereza aliyesifika Uarabuni katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki kutoka kambi ya Bovington, alikokwenda kupeleka simu ya maandishi. Alijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka, akalala bila fahamu siku sita, akafa. Hakuwa na helmeti. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Vita vya 1939 vilipoanza na barabara za Uingereza zikazimwa taa, Cairns alianza kuhesabu vifo. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa barabarani nchini humo, na wengi wa aliowachunguza walikuwa wameumia vichwa. Alitangaza uchunguzi wake mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru matarishi wake wote wa pikipiki wavae helmeti wakiwa kazini. Amri hiyo ilitolewa miaka mingi kabla sheria ya nchi haijawalazimisha raia. Jeshi lilitangulia, raia wakafuata. Kwetu sisi, twaona aibu kusema, mambo yamepinduliwa.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini si kila kitu cha duara kinachokaa kichwani ni helmeti. Gamba la nje hutawanya kishindo, na povu gumu la ndani hubonyea polepole ili ubongo usigonge fuvu. Povu likisha kubonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyokwisha pata ajali imemaliza kazi yake hata ikipakwa rangi mpya. Nayo isiyofungwa mkanda chini ya kidevu hutoka mapema kuliko mwenyewe.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Sare ya mwanajeshi imeshonwa ili asionekane. Rangi zake ni za majani, udongo na kivuli, na kazi hiyo huifanya barabara ya lami kama inavyoifanya msituni. Dereva wa lori anayetazama kioo jioni hamwoni mpanda pikipiki wa kawaida kwa urahisi. Sembuse aliyevaa nguo za kujificha! Kwa hiyo yafaa askari apandaye pikipiki awe na fulana ya kung'aa juu ya sare, na taa ya mbele iwake hata mchana. Na apitapo kando ya lori akumbuke kwamba, ikiwa hauoni uso wa dereva katika kioo cha pembeni, dereva naye hamwoni.

Kuhusu mwendo hatutasema mengi, kwa maana kila mtu hudhani anajua. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 katika kila sekunde, na ukiuzidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Wengi wetu tulijifunzia vijijini, ambako tuliambiwa tusiiguse breki ya mbele tusije tukapinduka. Mafundisho hayo ni mabaya. Pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na ndiyo maana breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma. Yatakiwa kubanwa taratibu, pamoja na ya nyuma, tairi zikiwa zimenyooka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inapochanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka juu ya lami, inataka upole zaidi.

Twazisikia hoja za wanaokataa. Wasema helmeti ina joto, nasi twakubali kwamba ina joto. Wasema safari ni fupi. Lawrence alikuwa karibu na nyumba yake. Hoja ya abiria kwamba helmeti ya bodaboda imevaliwa na vichwa vingi na huenda ikamwambukiza mba au mashilingi ina haki ndani yake, na dawa yake ni kitambaa safi chini ya helmeti, au kununua yako mwenyewe. Bei yake haishindi simu iliyo mfukoni.

Tukiwa kadeti tulizoea kwamba hakuna anayetoka na bunduki bila kukaguliwa. Twapendekeza pikipiki ipewe heshima hiyohiyo. Mlinzi wa lango la kambi, na wa kituo cha polisi vilevile, apewe amri ya maandishi ya kumrudisha yeyote asiyefunga helmeti, awe kuruta au kanali, na amri hiyo itiwe sahihi na kamanda ili mlinzi asihojiwe na afande mwenye haraka. Askari wa trafiki naye aruhusiwe wazi kumwandikia mwenye sare kosa kama amwandikiavyo raia, na nakala ipelekwe kwa mkuu wake wa kikosi. Na kila pikipiki inapogawiwa kikosi, igawiwe pamoja na helmeti mbili, ya pili ikiwa ya abiria, zote zikiandikwa katika daftari la stoo kwenye mstari mmoja na pikipiki yenyewe.