Msimlaumu Dereva wa Katapila

Nilikuwepo siku katapila ilipokata bomba la maji karibu na kwetu, Buyenzi. Maji yaliruka hadi kimo cha paa, watoto wakashangilia, akina mama wakakimbilia ndoo. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa mkavu, na kila mtu alishapata wa kumlaani: dereva. Mlevi huyo, walisema. Mimi nilimwona. Alikuwa na akili zake timamu, ila hakuna aliyemwambia kwamba bomba linapita pale.

Kosa ni la aliyemtuma kuchimba bila kuuliza. Maji na umeme wa mji huu vina mwenyewe, Regideso, na kila mkandarasi anamjua. Kuomba ramani, kumwita fundi aje aonyeshe njia ya bomba, kisha kuchimba mashimo machache kwa chepe ili kuhakikisha: je, hayo ni mengi? Lakini mkubwa wa kazi anahesabu saa za kukodi mashine. Siku tutakazobeba ndoo kichwani hazimo katika hesabu yake.

Najua nitajibiwa kwamba ramani ni za zamani, haziaminiki. Basi hiyo ndiyo sababu ya kutumia chepe! Marekani mchimbaji hupiga simu namba 811 kabla ya kugusa ardhi, mafundi wakaja kupaka alama za rangi. Hata baada ya hapo, kiasi cha nusu mita kila upande wa alama huchimbwa kwa mkono au kwa tahadhari kubwa, meno ya katapila yakae mbali.

Tena kumlaumu dereva kuna hatari ambayo wengi hatuioni. Huko Ghislenghien, Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, bomba la gesi lililipuka na kuua watu 24. Lilikuwa limekwaruzwa na mashine wakati wa ujenzi, na halikupasuka siku ile ile. Sasa niambieni: dereva wetu, anayejua kwamba atakatwa mshahara, akihisi meno yamegusa kitu kigumu, atasimama aseme? Atafukia.

Sisi hatuna gesi chini ya barabara, lakini tuna nyaya za umeme. Anayegusa waya hai anapaswa kubaki kwenye kiti chake mpaka umeme ukatwe, maana akishuka huku ameshika mashine anaweza kufa. Nani amemfundisha hilo, na kwa lugha gani? Tuna pia mabomba ambayo yakipasuka na presha ikashuka hunyonya maji machafu, katika mji ambao Januari 2023 ulitangaziwa kipindupindu.

Dereva wa Buyenzi alikatwa mshahara. Mkubwa wake alikuja na gari, akayatazama maji kupitia dirishani, akaondoka bila kushuka.