Wawindaji wa Mau Hawakuwa Wazururaji

Ipo dhana moja iliyozoeleka katika masomo ya historia, na kwa kuwa hurudiwa kila mwaka mbele ya wanafunzi, imepata heshima ya ukweli. Husemwa kwamba mwindaji wa zama za mawe alikuwa mtu asiye na makao. Alifuata tumbo lake porini, akasukumwa na mvua na ukame kama jani lisukumwavyo na upepo, mpaka jembe na ng'ombe vilipokuja kumtuliza. Dhana hii ni nyepesi kufundisha, lakini si ya kweli, na nyanda za juu za Kenya zina ushahidi wa kuikanusha.

Ushahidi huo umo baina ya mlima Eburru na ukingo wa Mau, juu ya maziwa ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru. Miaka 10,000 hivi iliyopita mvua zilikuwa nyingi. Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalisimama kiasi cha mita 180 juu ya yalipo leo. Msitu ulishuka, na wawindaji walikaa chini, katika mapango kama lile la Gamble. Baadaye mvua zilipungua. Maziwa yakanywea, nyasi zikapanda mlimani, msitu ukarudi nyuma. Miti na nyasi za nchi ya joto huacha udongoni alama za kaboni zisizofanana. Stanley Ambrose na Nancy Sikes walizisoma alama hizo, na mwaka 1991 wakatangaza kwamba mpaka wa msitu na mbuga ulihama kwa zaidi ya mita 300 za kimo.

Na watu je? Walihama pamoja na mpaka. Pango la Enkapune ya Muto, lililo kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, lilikaliwa kidogo wakati msitu ulipolizunguka. Ukame ulipousogeza ukingo wa msitu karibu nalo, likakaliwa sana. Ukingoni mtu hupata riziki ya msitu na riziki ya mbuga kwa mwendo mfupi. Kufuata mahali pa namna hiyo kwa maelfu ya miaka si kuzurura. Mzururaji hajui aendako. Hawa walijua watakacho. Hali ya hewa iliwabadilishia mahali, haikuwabadilishia shauri.

Atakayebisha atasema kwamba hata swala hufuata malisho. Ni kweli, lakini swala hapimi jambo jipya kwa jambo la zamani. Yapata miaka 4,000 iliyopita kondoo na mbuzi wachache walianza kuonekana katika pango hilo, na uwindaji ukaendelea. Mifugo haikuwakuta watu watupu wa akili. Iliwakuta wenye maisha yao, wakaipokea kwa kiasi.

Kosa hili lina ukoo. Louis Leakey alipochimbua Pango la Gamble katika miaka ya 1920, zana zake alizipa jina la Aurignac ya Ufaransa, kisha zikaitwa kwa jina la Gafsa ya Tunisia, kana kwamba ustadi haukuweza kuzaliwa pale ulipookotwa. Jina la mlima Eburru lilingoja mpaka mwaka 1980.

Wala si ugomvi wa majina matupu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau, ikiwamo haki ya ardhi, na kwamba hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa msitu. Haihitajiwi kudai kwamba Waogiek ni wajukuu wa watu wa Gamble ili kuona uhusiano wa mambo haya. Ni rahisi kumwondoa mtu msituni iwapo vizazi vimefundishwa kwamba mwindaji hana kwao. Mwalimu anayeirudia dhana hiyo darasani hakushika rungu, lakini amemrahisishia kazi mwenye kulishika.